Mume Wangu Alisinzia Mnarani, na Siri Hiyo Nimeibeba Mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 3. Naishi Uyole, Mbeya, nauza vitenge pale Mwanjelwa. Safu yako huwa naisoma kwenye simu wateja wakiwa wachache, sikudhani kama ipo siku nitaandika mwenyewe.

Mume wangu ni muongoza ndege. Uwanja anaofanyia kazi siutaji, ila uko mbali na huku na ndege zake ni nyingi. Kutoka huko mpaka Uyole ni basi la usiku kucha. Tulikubaliana mimi nibaki huku kwa ajili ya biashara, na pia kwa sababu mama yake aliyeko Tukuyu afya yake si ya kuaminika. Yeye anajitahidi kuja mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine mara mbili.

Haya yalianza kama mwaka na nusu uliopita. Wenzake wawili walistaafu, mmoja akahama, mwingine akaenda masomoni, na nafasi zao mpaka leo ziko wazi. Zamani zamu ya usiku walikuwa wanne, sasa wako wawili. Siku zake za mapumziko anapigiwa simu arudi kazini. Pesa ya muda wa ziada inakuja, sikatai, ndiyo iliyoezeka nyumba. Lakini mtu anayeshuka kwenye basi siye yule niliyeolewa naye. Anatua begi, anakunywa chai, analala mpaka saa 10 jioni. Akiamka ni mkali. Mtoto akidondosha sufuria anaruka kitandani. Usingizini anaongea Kizungu, namba tupu, mara futi, mara nyuzi, halafu ananyamaza kama anayesubiri kujibiwa.

Mama mkwe anasema kuna mwanamke huko. Wifi zangu wanasema niende nikamfumanie. Nami nilikuwa nimeanza kuamini.

Mwezi wa tano, baridi imeshaanza kuuma, tulikuwa jikoni tunaota moto wa jiko la mkaa. Watoto wamelala. Nikamuuliza moja kwa moja kuhusu huyo mwanamke. Alicheka, Shangazi, kicheko ambacho sikukipenda, kisha akaniambia. Usiku wanagawana: mmoja anakwenda kujinyoosha kwenye kochi saa tatu au nne, mwenzake anashika kazi zote, za mnarani na za ndege zinazokaribia kutoka mbali. Halafu wanabadilishana. Usiku mmoja, kama saa 10, yeye ndiye aliyekuwa ameshika. Akasema, "Rubani aliniita mara tatu. Ya tatu ndiyo niliyoisikia." Ndege ilikuwa bado mbali, ikatua salama, hakuna aliyejua. Hakuandika popote. Mwenzake alipoamka hakumwambia. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Tangu siku hiyo asiyelala ni mimi. Nikisikia ndege inapita kuelekea uwanja wetu wa Songwe natoka nje kuitazama mpaka ipotee.

Shemeji yangu, ambaye hajui hili ila anaona ndugu yake anavyokonda, anasema aombe uhamisho aje Songwe karibu na nyumbani. Mama yangu mzazi anasema aache kazi aje asimamie ekari zetu mbili za parachichi kule Rungwe, maana watu wanajenga kwa parachichi. Yeye mwenyewe jibu lake ni moja: "Nikitoka mimi, wanabaki wangapi?"

Namba ya mkuu wake ninayo, alinipa siku ya msiba wa baba mkwe. Nimpigie nimweleze? Au ninyamaze kama nilivyoapa? Na kazi aache?

Kingine, Agosti wifi yangu anaolewa Tukuyu. Familia inamtaka mume wangu, ambaye ndiye kaka mkubwa, awepo kwenye kikao, kwenye sendofu na kwenye harusi. Safari tatu ndani ya wiki sita. Amekubali zote.

Halafu dada yangu anapanda ndege mwezi ujao. Nimwambie apande basi?

Mke wa Mtu wa Zamu, Uyole

---

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la mama mkwe, maana ndilo jepesi. Mwanamume mwenye mwanamke pembeni haji kulala usingizi wa kifo kitandani kwako mpaka saa 10 jioni. Nilikuwa muuguzi wa wodi miaka 27 kabla ya kustaafu na kuja kukaa huku Kihesa, na hayo ya sufuria nayajua. Marehemu mume wangu naye aliwahi kunishuku, kisa nilikuwa narudi asubuhi sitaki hata kusalimiwa. Wifi zako waambie waache.

La mnarani ndilo lililonifanya nikae na barua yako wiki nzima. Nilimtafuta mzee mmoja tunayesali naye, aliongoza ndege miaka mingi, siku hizi anafuga kuku. Nikamsomea, nikiruka yale ambayo yangemfanya amjue mumeo. Nilidhani atashtuka nitakapofika pale pa kusinzia. Hakushtuka. Aliniomba nirudie sentensi ya kochi, ile ya kwamba mmoja analala na mwenzake anashika kazi zote. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Zurich. Sikuwahi.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, katika chumba cha kuongozea ndege cha kampuni ya Skyguide, Zurich, Uswisi, walikuwa zamu watu wawili. Mmoja akaenda kupumzika, kama ilivyokuwa desturi yao ya usiku, desturi ambayo wakubwa waliijua na kuiacha miaka. Aliyebaki alikuwa na meza mbili na masafa mawili ya redio. Usiku huohuo mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo: simu kuu ilikuwa imezimwa, na kengele ya kuonya kwamba ndege zinakaribiana haikuwa ikifanya kazi kama kawaida. Ikatokea ndege moja iliyochelewa ikitaka kutua kiwanja kidogo cha Friedrichshafen. Akawa anaihudumia hiyo kwenye meza ya pili, anapiga simu haishiki, anapiga tena. Kwenye meza ya kwanza ndege mbili zilikuwa zinakuja kukutana kwa urefu mmoja, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani. Alipogeuka kuziona ilikuwa imebaki chini ya dakika moja. Akaiambia moja ishuke. Chombo cha ndani ya ndege hiyo kilikuwa kinaiambia ipande, na cha ile nyingine kinaiambia ishuke. Zote mbili zikashuka. Walikufa watu 71, wengi wao watoto wa shule kutoka Urusi waliokuwa wanakwenda likizo Hispania.

Muongoza ndege yule hakuwa mlevi wala mzembe, na wala hakuwa amesinzia. Alikuwa macho na anafanya kazi kwa bidii. Baadaye, mwaka 2004, aliuawa nyumbani kwake na baba mmoja aliyepoteza mke na watoto kwenye ajali ile. Nalitaja kwa sababu ukianza kutafuta habari hizi kwenye simu utalikuta, na ni heri ulisikie kwangu. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wengine wanne wa kampuni ile, wakiwemo mameneja.

Sasa tazama kitu gani kilikuwepo Zurich na kipo kwa mumeo. Ni wema. Mwenzako macho yamekuwa mekundu, unamwambia nenda kajinyooshe nitashika. Hata sisi wodini tulifanya hivyo, na tulionana watu wazuri. Lakini kwenye karatasi ya zamu inaandikwa wawili. Mkubwa akiitazama asubuhi anaona wawili, wizara ikiomba takwimu inapelekewa wawili, na mwenye kupanga bajeti anasema mbona mambo yanakwenda. Kumbe usiku kucha yupo mmoja, na huyo mmoja ni nusu mtu. Basi analopanda mumeo kuja Uyole lina madereva wawili kwa sababu ya urefu wa safari. Tusingekubali dereva mmoja ashike usukani peke yake usiku kucha, na mabasi mengine mawili ayaendeshe kwa redio.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: aandike. Na aandike mambo mawili tofauti, asiyachanganye.

Moja ni lile tukio la rubani kuita mara tatu. Limechelewa, lakini afadhali taarifa iliyochelewa kuliko isiyokuwepo. Tarehe, saa, alikuwa ameshika kazi zipi, alikuwa ameamka tangu saa ngapi, mara ya mwisho alilala saa ngapi na wapi. Namba, bila kulalamika na bila kumtaja mtu kwa ubaya. Kabla ya kuipeleka akae na yule mwenzake wa zamu amwambie, maana wote wawili wanaishi kwa kochi lile, na hakuna kinachovunja urafiki wa zamu kama kusoma jina lako kwenye karatasi ambayo hukuambiwa.

Pili ni taarifa ya uchovu, na hii haina haja ya kusubiri tukio. Kila usiku ambao kazi ya watu wanne imefanywa na wawili, iandikwe. Mzee wangu wa kuku aliniambia jambo ambalo sikulijua: tangu Novemba 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linazitaka nchi wanachama ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa waongoza ndege, yaani mwisho wa urefu wa zamu na kiasi cha mapumziko kati ya zamu na zamu. Kwa marubani jambo hilo lilikuwepo zamani zaidi. Waliokaa chini wakiwaongoza walichelewa kukumbukwa. Shirika hilohilo linataka pawepo njia ya mfanyakazi kutoa taarifa ya hatari kwa hiari, na anayeitoa alindwe. Sitakudanganya kwamba hataulizwa maswali. Ataulizwa, na pengine atatolewa kwenye zamu siku kadhaa. Siku hizo atalala.

Tena leseni yake yenyewe inamfunga. Mwenye leseni ya kuongoza ndege hatakiwi kuitumia pale anapojua afya yake imepungua kiasi cha kumfanya asiifanye kazi salama. Wanaume wetu wa nyanda za juu wanaona kusema "leo siwezi" ni kushindwa. Kwenye kazi ile ni sehemu ya kazi, sawa na kuvaa miwani kama macho yanahitaji. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo wakaona wanafanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Mumeo hawezi kwenda mnarani amekunywa ulanzi. Anaweza kwenda ameamka tangu jana asubuhi na kila mtu akamwita mchapakazi.

Sasa lile swali lake, nikitoka mimi wanabaki wangapi. Ni swali la mtu mwema na linanisikitisha, kwa sababu amelichukua lisilo lake. Idadi ya watu ni kazi ya mwajiri. Na mwajiri akikosa watu, ana dawa moja ya haraka ambayo mumeo na mwenzake wanamwokoa asiitumie: kupunguza ndege. Ziachanishwe zaidi, zingine zichelewe kuruka. Wamarekani Novemba 2025, waongoza ndege wao wakiwa wanafanya kazi bila mshahara kwa sababu bajeti ya serikali ilikwama na wengi hawafiki kazini, walipunguza safari katika viwanja 40 vikubwa, wakaanza na asilimia 4. Abiria waliudhika, waliudhika sana. Lakini walijua kuna upungufu.

Hao Wamarekani wana kisa kingine ninachokipenda. Machi 2011, uwanja ulio jirani kabisa na mji wa Washington, usiku wa manane, ndege mbili za abiria ziliita mnarani hazikujibiwa. Zikatua zenyewe. Muongoza ndege alikuwa peke yake na alikuwa amelala. Hakuna aliyeumia, kama usiku ule wa mumeo. Tofauti ni kwamba la kule halikufichika, marubani walilazimika kuuliza kituo kingine. Ndani ya wiki chache mkuu wa idara alijiuzulu na minara 27 iliyokuwa ikiachwa na mtu mmoja usiku ikaongezewa wa pili. Uwanja wenyewe, kwa taarifa yako, umepewa jina la Ronald Reagan, rais aliyewafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa mkupuo mwaka 1981 walipogoma, wakidai pamoja na mengine wiki ya kazi iwe fupi. Sijui aliyechagua jina alifikiria nini.

Kuacha kazi aende kwenye parachichi? Mama yako ana nia njema, ila ajue bei ya jambo hilo. Muongoza ndege hapatikani kama kibarua wa kupalilia. Leseni haitolewi kwa aliye chini ya miaka 21. Akitoka chuoni bado hajawa mtu: kwa kazi ya mnara anatakiwa afanye chini ya uangalizi saa zisizopungua 90 au mwezi mmoja, na kwa zile za kuongoza kwa rada saa 180 au miezi mitatu, kutegemea ipi ni ndefu, na hicho ni kima cha chini. Ndiyo maana nafasi za waliostaafu hazijazibwa kwa tangazo la gazetini. Alipaswa mtu aanze kufundishwa miaka kadhaa kabla hao wawili hawajakata keki ya kuagwa. Tarehe ya kustaafu ya mtumishi inajulikana tangu siku anayoajiriwa. Hapo ndipo mimi hasira hunipanda. Lakini turudi kwako. Akikaa nje miezi sita bila kushika kazi, idhini yake ya kufanya kazi pale inakufa, arudie mafunzo na mitihani. Na parachichi zenu kama ni miche mipya zitataka miaka mitatu au minne kabla hazijawalipa. Aache akiwa amelala vizuri mwezi mzima na bado anataka kuacha. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mtu aliyetoka zamu ya usiku.

Uhamisho wa Songwe ni wazo zuri kuliko lilivyoonekana kwa shemeji yako, na ni gumu kuliko anavyodhani. Idhini ya muongoza ndege ni ya kituo anachofanyia. Akija Songwe atajifunza upya milima yenu, njia zake, upepo wake, atakaa na msimamizi kama mwanafunzi, na huko anakotoka watapungua wakati huku bado hajahesabika. Aombe, ila aombe kwa maandishi na asifanye ndiyo tegemeo la mwaka huu.

Kumpigia mkuu wake, hapana. Neno la mke kwa simu litageuka habari ya ndoa. Litasemwa korido nzima kabla ya chakula cha mchana, na mumeo atajua siri yake ilitokea jikoni kwako. Badala yake mwonyeshe barua hii, yako na yangu. Mpe mwezi mmoja aandike. Asipoandika, na bado wanagawana usiku kwa kochi, mwambie kabla kwamba kiapo kile umekirudisha, kisha zungumza na viongozi wa chama chao. Waongoza ndege wana chama chao hapa nchini. Hao wanaweza kuliuliza kama la kituo kizima bila kumtaja yeye.

Nimebakiza la kwako, na hili hutalifurahia.

Agosti 27, 2006, mji wa Lexington, Marekani, ndege ilishika njia ya kurukia isiyo yake alfajiri, fupi mno kwa ndege ile, ikaanguka. Walikufa watu 49. Marubani ndio waliokosea njia. Lakini mnarani alikuwepo mtu mmoja, na wachunguzi walipomuuliza kuhusu usingizi ikaonekana kati ya zamu yake ya mchana na ile ya usiku alikuwa na saa 9 za mapumziko. Kwa kanuni za wakati ule zilitosha. Katika hizo 9 alilala kama 2 tu.

Kwenye rosta ya mumeo, siku anazokuja Uyole zimeandikwa mapumziko. Hebu zihesabu wewe. Anatoka zamu ya usiku, anaingia basi la usiku unaofuata, anafika shingo imepinda. Siku moja ya kulala, siku moja ya Tukuyu kwa mama, nusu siku ya fundi na ada na mgogoro wa mpaka wa shamba uliomsubiri mwezi mzima, kisha basi tena, na akishuka anaoga na kupanda mnarani. Mwajiri amemnyang'anya sehemu ya usingizi wake na hilo ni kosa lake. Sehemu nyingine tumeichukua sisi ndugu, kwa upendo, na hatuiandiki popote. Ulisema haya yalianza mwaka na nusu uliopita. Mara ngapi katika muda huo wewe ndiye uliyepanda basi kwenda kwake?

Najua duka. Najua mama mkwe. Funga duka siku tatu, mtoto mdogo mbebe, mkubwa abaki kwa bibi yake. Ukifika huko tundika kitenge kizito dirishani, usiuze vyote, chumba kiwe giza kama kaburi hata saa sita mchana. Simu yake ikae kwako na uijibu wewe. Wakimwita kazini siku ya mapumziko, sema amelala, maana atakuwa amelala kweli. Chai ya rangi na vile vinywaji vya kuamsha asivitumie saa za mwisho za zamu, vinginevyo atafika nyumbani na macho kama bundi. Dawa za usingizi za duka la dawa asinunue kabisa bila daktari anayempima kwa ajili ya leseni kujua. Na akiongea namba usingizini usimwamshe.

Dada yako apande ndege. Mbele kuna marubani wawili, na vile vyombo vya kuonya ndege zisigongane, ambavyo baada ya Überlingen marubani waliambiwa wazi kwamba vikisema lolote wavifuate vyenyewe kuliko sauti ya mnarani. Barabara ya kutoka kwenu mpaka mlima wa Kitonga, na ajali zake, mnaijua wenyewe.

Na kuhusu Agosti: kikao ahudhurie kwa simu, sendofu uende mchango wake, harusini aje. Akifika alale kwanza, hata kama bibi harusi ameshaanza kuingia ukumbini. Wakiuliza kaka mkubwa yuko wapi, waambie ulimfungia mlango wewe.

Shangazi, Kihesa